Uzi: Tunaishi kwenye kambi ya zamani ya dhahabu huko Lupa, hatutaki ife mikononi mwetu

BintiLupa | #1

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe nimelibeba moyoni miaka mingi na sasa limefika mahali pa kuamua.

Mimi, mume wangu, watoto wetu wanne na mama yangu mzazi tunaishi kwenye kambi ya zamani ya machimbo upande wa Lupa. Kijiji sitakitaja, sababu mtaiona mbele. Ukitoka Mbeya mjini unapanda mlima kupitia Kawetire, unateremka Lwanjilo, unafika Chunya, halafu unaacha lami na kushika njia ya porini kwa pikipiki. Majengo yapo 11. Yenye mapaa ni 6. Sisi tunalala kwenye iliyokuwa nyumba ya meneja. Nyuma yake kuna ofisi ya karani, chumba cha mizani chenye mlango wa chuma, stoo, duka lililokuwa la Mhindi, karakana, kisha safu mbili za kota za vibarua ambazo nyingi zimebaki kuta au misingi tu. Kengele ya kazi bado ipo: kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mti, na nondo ya kugongea imechomekwa pale pale kwenye panda la tawi. Mwanangu wa mwisho ndiye huigonga chakula kikiiva, na sauti yake inafika mtoni.

Kwa wasioijua Lupa: dhahabu ilianza kuchimbwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa 1927 kwa ajili ya kuhudumia machimbo haya. Kilichowavuta watu kwa wingi ni bei. Uingereza iliacha kuifunga pauni na dhahabu 1931, na 1934 Marekani ikapandisha wakia moja kutoka dola 20.67 hadi 35. Ghafla hata mkondo mwembamba wa dhahabu ukawa na faida. Wazungu wakaja na mashine, Wahindi wakafungua maduka, na Wanyakyusa kwa maelfu wakavuka milima kwa miguu kuja kufanya kibarua. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alitoka Rungwe na ndizi za kuchoma kwenye mfuko, hivyo ndivyo alivyokuwa akitusimulia, na safari ilimchukua siku nne.

Halafu vita ikaja, vipuri na mafuta vikaadimika, na baada ya vita gharama zikapanda wakati bei ya dhahabu imesimama pale pale. Mgodi mkubwa wa New Saza ulijikongoja hadi 1956 ukafungwa. Kambi yetu, ambayo ilikuwa ndogo, ilishanyamaza kabla ya hapo. Babu aliachwa kama mlinzi. Mshahara ukaja miezi michache, ukakoma, yeye akabaki. Wakati wa Operesheni Vijiji majirani wote walihamishiwa barabarani, yeye akakubaliwa kukaa kwa sababu alikuwa na nyumba ya matofali na kisima. Baba yangu alizaliwa humu, mimi nimezaliwa humu, na mapaa 6 yaliyobaki yamebaki kwa sababu kuna mtu aliyakwea kila mwaka kabla ya mvua.

Sasa yanayonisumbua. Kwanza, baba mdogo anataka tuingie mkataba na watu wanaotafuta marudio, yaani mchanga wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Nyuma ya karakana kuna kichuguu kikubwa cha mchanga wa kijivu uliosagwa na mashine ya wakoloni, na kila mtu anajua mashine zile ziliacha dhahabu nyingi ndani. Wakianza kuzoa, watazoa hadi chini ya misingi. Pili, kuta zinamenyuka. Miaka miwili iliyopita tulimleta fundi akapiga lipu ya saruji ukuta wote wa magharibi, ukapendeza kweli. Mvua mbili tu, lipu imeanguka na imeng'oka na uso wa matofali, sasa ndani ya tofali unaona unga mwekundu kama ugoro. Tatu, watoto. Nawalea mahali penye mashimo na mchanga ambao sijui una nini.

Mume wangu anasema tujenge nyumba mpya mita mia tatu kutoka hapa, kambi tuiache kama kumbukumbu. Mimi naamini tukihama leo, baada ya masika matano hakutakuwa na kitu cha kukumbuka. Nishaurini.

KijanaWaMwanjelwa | #2

Dada pole na hongera. Ila swali la kweli kabisa: hizo ni nyumba za mkoloni. Aliwalaza babu zetu kwenye vyumba vya futi nane kwa nane, akachukua dhahabu, akaondoka. Kwa nini mjukuu wa kibarua ateseke kumtunzia mkoloni nyumba yake? Bomoa, matofali tumia kujengea nyumba ya kisasa, uchungu uishe.

BintiLupa | #3

Ndugu yangu, nimelisikia swali hilo hata kutoka kwa watu wa damu yangu, na sikuchukii kwa kuliuliza.

Nikujibu na tofali. Kwenye ukuta wa stoo, upande wa jikoni, kuna matofali kama saba yenye alama za vidole. Mtu aliyafyatua, akayabeba yakiwa mabichi, vidole vinne vikazama upande mmoja na dole gumba upande wa pili. Mwanangu wa miaka kumi vidole vyake vinaingia mle sawasawa, kwa hiyo aliyebeba alikuwa mtoto. Meneja hakufyatua tofali hata moja. Udongo waliuchimba babu zetu, tanuri walilipanga wao, mninga wa kenchi waliupasua wao kwa msumeno wa mikono miwili, mmoja juu na mmoja ndani ya shimo. Jina la mgodi lilikuwa la Mzungu, na jina hilo limeshasahaulika hata hapa kijijini. Nikibomoa, ninayemfuta ni babu.

Na zile kota za futi nane ndizo ninazozililia zaidi. Nyumba ya meneja itapata wa kuipenda siku zote, maana ni nzuri. Kota hakuna wa kuzipenda, na ndizo zenye ukweli.

FundiChokaa_Ipogolo | #4

Dada, mimi ni mwashi, nipo Iringa, majengo ya zamani nimeyafanyia kazi karibu maisha yangu yote. Naomba nianze na ukuta wa magharibi kabla hujaharibu mwingine.

Tofali lako ni la kuchoma kwa kuni, laini, na limepangwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa jua likiwaka. Saruji haiuruhusu kuyatoa. Maji yanaingia kwenye ufa mdogo au kutoka chini kwenye msingi, yanakwama nyuma ya lipu, chumvi inajikusanya pale, na siku lipu inapoachia inaondoka na ngozi ya tofali. Fundi wenu hakuwa mwizi, alifanya alichofundishwa kwenye bloku. Lakini bloku na tofali la kale ni wanyama wawili tofauti.

Tiba ni chokaa, na ninyi mmekaa karibu nayo kuliko mtu yeyote: pale Songwe wanachoma chokaa miaka yote. Nunua ile ambayo haijazimwa, mawe mazima. Chimba shimo, tandika turubai, mwaga maji kwanza ndipo uweke mawe kidogo kidogo, kamwe usifanye kinyume chake. Itachemka kama uji, kwa hiyo watoto wakae mbali, funika macho na vaa glovu. Iache imezama majini, ifunike, isahau kwa miezi mitatu. Ikifika kama siagi ndipo inafaa. Changanya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga mkali wa mtoni uliochekechwa. Piga lipu nyembamba, mikono (tabaka) miwili au mitatu, na kila mkono uachwe ukauke polepole chini ya magunia yenye unyevu. Jua la Chunya la Oktoba litaichoma usipoifunika.

Lipu ya saruji iliyobaki usiigonge kwa nyundo kubwa. Iliyoachia itoe kwa patasi. Iliyoshika iache hadi iachie yenyewe, la sivyo utang'oa na tofali zima.

Na kabla ya vyote hivyo, angalia paa na maji. Nimeona watu wanapaka chokaa ukuta ambao gata yake inamwaga maji pale pale chini kila siku. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, maji yaende mbali angalau mita mbili. Nyumba ya zamani ikiwa na kofia nzuri na viatu vikavu inakaa miaka mia.

Kama hujawahi kuiona Boma ya Iringa, ile ya Wajerumani iliyofunguliwa kuwa makumbusho 2016, njoo siku moja ushike kuta zake kwa mkono. Utaelewa ninachosema.

KokotoNyekundu | #5

Mimi ni mchimbaji, nimeanzia Itumbi, nimepita Matundasi na Makongolosi. Naomba nimsemee kidogo baba yako mdogo, maana watu wa njaa huonekana wabaya kwenye nyuzi kama hizi.

Marudio ni pesa, dada. Tangu masoko ya madini yafunguliwe 2019 mtu anauza kwa bei ya wazi na anapewa risiti. Mchanga wa mkoloni unawekwa kwenye plenti ya sayanaidi, ile kemikali inayoyeyusha dhahabu, dhahabu inakaa kwenye kaboni, wiki kadhaa mtu amejenga. Baba mdogo anaona kichuguu kile na anaona ada ya watoto wake.

Lakini hesabu ya pili watu hawaifanyi. Plenti inataka maji mengi, na kisima ni kimoja. Wakimaliza wanakuachia bwawa la sumu bila turubai wala uzio, na kampuni imeshabadilisha jina. Hili nimeliona kwa macho yangu na bado naota ng'ombe waliolala kando ya lile bwawa. Kama mtakubali, iwe kwa masharti: wazoe mchanga na kuupeleka plenti yenye kibali kwingine, wasijenge hapo. Na wasisogee msingi wa karakana.

Halafu mashimo. Usimruhusu mtu kuingia kwenye shimo la wakoloni hata kama linaonekana kavu na zuri. Matimba, yale magogo yanayoshikilia shimo, yameshaoza, yanasimama kwa mazoea tu. Na hewa chini ni mbaya, mtu anashuka anaongea, dakika mbili kimya. Anayeshuka kumwokoa naye anakaa huko huko. Zungushia ukuta wa mawe mita moja na nusu kwenda juu, nyuma kidogo ya mdomo kwa sababu mdomo humomonyoka, acha matundu popo watoke. Usilijaze takataka, zitashuka ghafla siku ya mvua na shimo litakuwa pana mara mbili.

SalmaMaabara | #6

Nafanya kazi zinazohusu usalama wa kemikali, nazungumza kwa nafsi yangu tu. Dada BintiLupa, hili la watoto ndilo lingekuwa la kwanza kwangu.

Mashine za kusaga za zama zile zilimwaga tope la mawe juu ya sahani za shaba zilizopakwa zebaki. Dhahabu ilinasa kwenye zebaki, karani akaikwangua, kisha ikachomwa zebaki iruke kwa mvuke ibaki dhahabu. Kwa hiyo kuna sehemu mbili za kuogopa: zilipokuwa sahani, na chumba walichochomea. Zebaki haiozi. Inaingia kwenye nyufa za sakafu na kwenye udongo inakaa miongo. Sayanaidi ya zamani hiyo jua limeshaivunja kwa kiasi kikubwa, lakini madini ya risasi na aseniki yanayotoka ndani ya mwamba wenyewe hayaendi popote.

Nieleze: hicho chumba cha mizani, kina meko au bomba la moshi? Na watoto wanaingia?

BintiLupa | #7

Dada Salma, nimesoma ujumbe wako nimesimama. Ndiyo, kina meko ndogo kwenye kona na bomba linalotoka nje. Na binti yangu mkubwa ndimo anamosomea usiku kwa sababu kuna utulivu.

Leo jioni tumetoa meza yake.

SalmaMaabara | #8

Umefanya vema, na usijilaumu, hakuna aliyekwambia. Fungeni chumba hicho kwa sasa. Msikifagie, vumbi ndilo baya, na msikwangue masizi ya meko. Chukueni udongo kidogo kutoka sehemu tano tofauti: karibu na meko, kwenye kichuguu cha marudio, bustanini, mlangoni pa jikoni na kando ya kisima. Kila sehemu mfuko wake safi na maandishi juu yake, na maji ya kisima kwenye chupa. Mpeleke ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali pale Mbeya, muulize utaratibu na gharama. Mpaka majibu yatoke, mchicha na matembele yapandwe kwenye vitanda vya udongo mlioutoa mbali, watoto wanawe mikono kabla ya kula, viatu vya nje viachwe barazani.

Majibu yakiwa mabaya haina maana mhame. Kichuguu kinaweza kufunikwa kwa udongo safi na kupandwa majani ili upepo wa kiangazi usikirushe, na chumba kimoja kinaweza kufungwa kikabaki cha kutazamwa kutoka mlangoni.

MtuWaWindhoek | #9

Salamu kutoka Namibia, mimi ni wa Tukuyu ila kazi imenileta huku. Dada, nimetembelea Kolmanskop mara tatu, nikuambie nilichokiona.

Ulikuwa mji wa almasi. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli, Mwafrika aliyeitwa Zacharias Lewala, aliokota jiwe linalong'aa akampelekea msimamizi wake. Basi ukajengwa mji jangwani, hospitali, ukumbi wa dansi, kiwanda cha barafu. Almasi ikapatikana kwingi zaidi kusini, watu wakahama, na hadi 1956 mji ulikuwa mtupu. Mwaka ule ule wa Saza yenu. Leo mchanga umejaa ndani ya nyumba hadi usawa wa madirisha. Watalii wanalipa kuingia, wanapiga picha, ni pazuri mno. Lakini nilipoingia nyumba moja nikaona kabati la jikoni limefukiwa hadi kiunoni, nikasikia huzuni ambayo bado sijaimaliza. Hakuna mtu aliyekunywa chai pale kwa zaidi ya miaka 60.

Kwa hiyo mimi nipo upande wako. Mume wako namheshimu, ila nyumba isiyopikiwa inaondoka upesi.

Pamoja na hayo, kuishi ndani nako kuna hatari yake. Kule California kuna mji wa machimbo ya madini ya fedha na risasi unaoitwa Cerro Gordo, uko juu mlimani. Mtu aliununua 2018 na wenzake, akahamia huko ili autunze. Juni 2020 hoteli yao ya mbao ya 1871 iliteketea kwa usiku mmoja. Maji ya kuzimia hayakuwepo. Wewe una kenchi za mninga zilizokauka miaka 80 na majani ya porini yanayochomwa kila Septemba. Je, una tangi? Una njia ya kuzuia moto kuzunguka kambi?

BintiLupa | #10

Kaka wa Windhoek, ndaga fijo, asante sana. Njia ya moto tunalima kila Julai, mita nane upana, hiyo ni desturi ya babu na hatujawahi kuiruka. Tangi hatuna. Tuna mapipa mawili. Nimeandika.

Upande wa kupika tulishahamia nje: jiko la kuni tumelijenga peke yake, limeezekwa bati. Na hivi majuzi mume wangu aliweka taa za sola, nyaya amepitisha kwenye mabomba ya plastiki chini ya kenchi, hakutoboa ukuta hata mahali pamoja. Hilo namshukuru mbele yenu wote, kwa sababu anasema tuhame lakini mikono yake inafanya kazi ya mtu anayebaki.

Nimesahau kuwaambia kuhusu wezi wa vyuma chakavu. Mwaka juzi tulikuwa msibani siku tatu, tukarudi tumekuta miguu miwili ya mashine ya kusagia mawe haipo, wameikata na kuibeba kwa fuso. Ndiyo sababu sitaji kijiji. Kengele ya reli waliiacha, nadhani hawakujua ni chuma, imeota kutu hadi inafanana na gome.

WakiliKijana_Soweto | #11

Nina machache ya sheria, halafu nenda kwa mwanasheria mwenye ofisi akuangalizie nyaraka zako.

Ardhi na madini ni vitu viwili. Madini ni mali ya umma, na anayeyataka anaomba leseni, hata kama nyumba ni yako. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania kwa miaka 7. Kwa hiyo jambo baya kabisa linaloweza kukupata ni mtu mwingine kuomba leseni juu ya kichuguu chako wakati ninyi mnabishana na baba mdogo. Nendeni ofisi ya madini Chunya mkaangalie ramani, mjue eneo lina leseni ya nani au liko wazi.

Habari njema ni kwamba Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkazi halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba. Ona sasa: mkihamia mita 300, halafu kambi ikabaki magofu, ngao hiyo mnaitia shaka wenyewe. Lakini neno zito hapo ni "halali". Babu aliachwa kama mlinzi, akakubaliwa na kijiji. Je, kuna muhtasari wa mkutano wa kijiji? Kuna hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999? Kama hakuna, hilo ndilo la kwanza, na iandikwe kwa majina ya ukoo, siyo ya mtu mmoja.

Kuhusu kulindwa kama urithi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hailindi jengo la miaka ya 1930 moja kwa moja, kwa sababu limejengwa baada ya mwaka ambao sheria imeuweka. Lazima litangazwe. Andika barua Idara ya Malikale ukiambatanisha picha, mchoro na historia. Ila jiulize kwanza: likitangazwa, hutaweza kugusa dirisha bila kibali. Familia inayokua inahitaji kugusa madirisha.

BintiLupa | #12

Wakili, hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi jana. Nataka iheshimiwe, na nataka mwanangu akioa ajenge chumba. Nimeanza kufikiri tuigawe: nyumba ya meneja ni yetu ya kuishi, tubadilishe tunachohitaji kwa adabu. Ofisi ya karani, chumba cha mizani na safu ya kwanza ya kota visiguswe isipokuwa kuvikinga maji. Safu ya pili, ambayo imebaki msingi, ndipo tujenge vyumba vya watoto kwa ukubwa ule ule wa ramani ya zamani.

Kuna kitu nataka kuwauliza wazee humu. Kwenye kota ya tatu ya safu ya kwanza, nyuma ya mlango, ukutani kuna mikwaruzo iliyochorwa kwa msumari. Vijiti vinne na cha tano kimevikata, kama mtu anavyohesabu debe za mahindi. Kila mstari una mafungu sita, kisha mstari mpya. Mwishoni mwa kila mstari kuna duara dogo. Baba alisema ni mchezo wa watoto. Fundi Chokaa, naweza kupiga lipu juu yake? Ukuta ule unanyeshewa.

FundiChokaa_Ipogolo | #13

Usipige chochote. Weka bati juu, zuia maji, ukuta uache ulivyo.

MzeeWaKandete | #14

Wanangu, shikamoo nimeipokea. Mimi nina miaka 81, mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema.

Huyo binti namwambia siyo mchezo wa watoto. Mafungu sita ya tano ni 30. Hicho ni kipande. Zamani kibarua hakulipwa kwa mwezi wa kalenda. Alipewa kadi yenye vyumba 30, kila siku aliyofanya kazi karani alitia alama chumba kimoja. Zikijaa 30 ndipo unalipwa. Siku uliyougua haikuhesabiwa. Siku ambayo nyapara alisema hukumaliza kazi, haikuhesabiwa, hata kama umetoka jasho tangu alfajiri. Watu wengi hawakujua kusoma, na karani aliweza kukuambia zimefika 26 wakati wewe unajua ni 30.

Baba yangu alikwenda Lupa mara mbili. Alitueleza kwamba alikuwa akihesabu siku zake mwenyewe kwa mafundo kwenye kamba, akifika kwa karani anaitoa. Huyo wa kwenu hakuwa na kamba, alitumia ukuta. Duara mwishoni nadhani ni pesa imetoka, amelipwa.

Mwambieni asiupake.

KijanaWaMwanjelwa | #15

Shikamoo mzee. Dada BintiLupa, maneno yangu ya kule juu ya kubomoa nayafuta. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mlango wa nondo wa chumba cha mizani, ili kitazamwe bila mtu kuingia, na kizuizi cha mdomo wa shimo, nipe vipimo, nitakuja na mashine. Utanilipia chuma na nauli tu.

BintiLupa | #16

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu mengi yametokea.

Sampuli tumepeleka Mbeya, tunasubiri majibu. Ofisi ya madini tumekwenda, mimi na baba mdogo pamoja, na eneo bado liko wazi. Tumekubaliana aombe yeye leseni kwa niaba ya ukoo, kichuguu kisizolewe hadi majibu ya udongo yatoke, na kikizolewa kiende plenti ya mbali kama alivyosema KokotoNyekundu. Sehemu ya kwanza ya pesa ni tangi la maji la lita 5,000 na bati la safu ya kota. Amesaini, na mwenyekiti wa kijiji amesaini. Mawe ya chokaa yapo shimoni tangu Jumanne, yalichemka hadi mama akakimbia akidhani turubai limeshika moto.

Jambo lenyewe nililotaka kuwaambia ni hili. Nilimsomea baba mdogo ujumbe wa Mzee wa Kandete. Hakusema kitu. Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kota ya tatu, mlango ameuegemeza kwa jiwe ili mwanga uingie, anahesabu kwa kidole bila kugusa ukuta. Nikakaa naye tukahesabu upya wote wawili.

Mistari yenye duara iko 7. Wa nane hauna duara. Una mafungu matatu kamili, halafu vijiti vinne, basi. Siku 19.